Methadoni au nyumba ya upataji nafuu?

Mraibu wa heroini nchini Tanzania anayetaka kuachana na unga hukutana na njia mbili kuu, nazo hazimfai kila mtu kwa kiasi kilekile. Ya kwanza ni kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, huduma iliyoanza katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 na baadaye kufika mikoa mingine: mgonjwa hufika kila siku, hupewa kikombe kidogo cha dawa ya maji, huinywa mbele ya mhudumu anayehakikisha kwamba imemezwa, kisha huenda zake kazini. Dozi moja huzuia arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, kwa takribani saa 24. Ya pili ni nyumba ya upataji nafuu, kama zile za Unguja, ambako mtu huishi miezi kadhaa bila kilevi chochote, akifuata mpango wa kuachana na uraibu uitwao hatua 12 pamoja na wenzake, aghalabu akiongozwa na waliowahi kutumia.

Kwa kijana ambaye maskani yake ndiyo hiyohiyo inayouza kete za unga, naiona nyumba kuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa humtenga na vishawishi, ingawa ada huielemea familia. Kwa mwanamke mjamzito, methadoni ndiyo salama, kwani kuacha heroini ghafla huweza kuhatarisha mimba. Isitoshe, nyumba nyingi ni za wanaume, na mwenye mtoto mgongoni hana pa kulala humo. Kikwazo cha kliniki ni nauli ya kila siku, jambo dogo kwa mpangaji sera, kubwa kwa asiye na kibarua. Mlevi wa pombe, kwa upande wake, methadoni haimhusu kabisa.