Sinza kwa anayetafuta chumba: usalama wake uko hivi

Mtu akitafuta chumba Sinza, hapa Dar, siku hizi, kabla hajauliza kodi anauliza kama kuna vibaka, na dalali jibu lake ni moja tu, "mtaa umetulia huu bosi". Mi nakaa huku na nimeshahama nyumba humu humu ndani ya Sinza, kwahiyo naomba niielezee kama ilivyo, maana watu wanalipa miezi sita kwa mkupuo na hela ya dalali juu, alafu ndo wanaanza kuijua nyumba usiku wa kwanza.

Kwanza zile takwimu za uhalifu zisikuumize kichwa. Polisi Dar wana kanda maalum, ndani yake kuna mikoa ya kipolisi, Ilala, Temeke na Kinondoni, sasa ukisikia uhalifu Kinondoni umeshuka au umepanda jua humo kuna Masaki, kuna Tandale, kuna Manzese na sisi Sinza, wote tumepikwa chungu kimoja. Na simu nyingi zinazoporwa hazifiki kituoni kabisa, mtu anaona bora akarudishe laini yake aendelee na maisha. Hiyo namba haiwezi kukuambia lolote kuhusu uchochoro unaotaka kuhamia.

Kitu kinachoibeba Sinza ni ramani. Viwanja vya huku vilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa Benki ya Dunia uliotoa pia Kijitonyama na Mikocheni, ndo maana barabara za ndani zimenyooka na gari inafika mpaka getini, wakati Manzese hapo ng'ambo nyumba zilitangulia na njia zikafuata, kuna sehemu hata bajaji haipenyi. Cha pili ni biashara ya usiku. Madukani, Mori, Kumekucha, Afrika Sana, saa tano usiku bado kuna muuza chipsi, kuna wakala wa miamala, kinyozi hajafunga, bodaboda wako kijiweni wanabishana mpira. Watu wanalalamikia kelele za baa na mi pia zinanisumbua wikiendi, ila kibaka hapendi macho ya watu, na huku macho yapo. Mtaa unaonitisha mimi ni ule ambao saa mbili na nusu ushakuwa kimya, kuta ndefu pande zote, chupa juu, mageti yamefungwa, ukipiga kelele hakuna anayetoka.

Shida zipo na sitaki kuzificha. Kubwa ni kuporwa simu barabara ya Shekilango, hasa jioni foleni ikikaza. Wanakuja wawili kwenye pikipiki haina namba, dereva anapita taratibu pembeni ya daladala kama anatafuta upenyo, wa nyuma macho yako kwenye madirisha, ukiwa umeegemea kioo unaongea na simu mkono unaingia unatoka na wameshachanganya kwenye magari, mpaka konda anageuka hakuna kitu. Kwenye magari yaliyopaki nje ya baa ni saiti mira na taa. Majumbani ni ile ya fimbo ndefu yenye ndoano, wanachana nyavu ya dirisha wanavuta suruali au simu iliyowekwa chaji karibu na dirisha wewe umelala, kwahiyo ukiangalia chumba angalia kitanda kitakaa wapi na dirisha liko wapi. Na upande unaoelekea Mto Ng'ombe usiku ni giza, vichaka na kona nyingi. Mama mmoja muuza vitumbua aliniona nakata huko saa tatu akaniita, "mwanangu usipite huko, zunguka na barabarani", na mimi nakuambia hivo hivo.

Sasa huduma ninayotaka kuisifia ni ulinzi shirikishi, yaani wakazi wenyewe tunachanga hela na vijana wa mtaa wanalinda usiku. Baada ya Panya Road, lile genge la vijana wa mapanga, kuvamia Kawe Septemba 2022 mitaa mingi Dar ilirudisha ulinzi huu kwa nguvu na wa kwetu haujalegea tangu hapo. Hiki kitu asili yake ni sungusungu za Usukumani na Unyamwezini miaka ya 80 mwanzoni, wakati wa wizi wa ng'ombe, sasa kiko mjini kinalinda bodaboda na flati skrini. Vijana wetu wana tochi, filimbi, rungu na koti la reflekta, wanaanza kuzunguka saa tano, na wanachofanya vizuri kuliko kampuni yoyote ya ulinzi ni kwamba wanatujua, ukirudi usiku wa manane anakusalimia kwa jina anakusindikiza mpaka getini, na mgeni akizubaa kwenye kona anaulizwa kwa heshima anaenda kwa nani. Wakikamata mtu wanapiga simu kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, hawaruhusu apigwe. Hili nalitilia mkazo kwasababu nimeshuhudia mtaa mwingine mtu akishambuliwa na umati kwa kuitiwa mwizi tu na ikaja kujulikana siye, na mpaka leo inaniuma. Ulinzi unaoishia kumpiga mtu mawe na tairi mi siuiti ulinzi.

Kinachowakwamisha ni hela. Tunachanga elfu mbili kwa kaya kwa mwezi na bado kuna watu wana magari mawili uani wanajifungia mkusanyaji akigonga, wapangaji nao wanasema "mi mpangaji tu, muulize mwenye nyumba", wakati kibaka haulizi hati ya nyumba. Kijana anakesha na mvua ya masika, posho yake inachelewa, halafu tunategemea asilale. Nilikopanga kabla ya hapa hela ilikuwa inakusanywa bila risiti wala taarifa, watu wakachoka wakaacha kutoa na ulinzi ukafa. Hapa kuna daftari, na kila mwezi makusanyo yanatumwa kwenye grupu la WhatsApp, nani katoa, walinzi wamelipwa ngapi.

Kwahiyo Sinza naipa nyota nne kati ya tano, na kama mtaa unaouangalia hauna ulinzi shirikishi naipa tatu. Usimpe dalali hela kabla hujarudi mwenyewe saa nne usiku, panda daladala mpaka kituo utakachokuwa unashukia, tembea kwa miguu mpaka kwenye hiyo nyumba uone taa zinawaka za nani na nani yuko nje. Ukimkuta muuza duka muulize ulinzi unaanza saa ngapi na unasimamiwa na nani, akikujibu haraka bila kufikiri, lipia.