Miche ya viriba vidogo kwa bustani ya joto kali: inafaa, ila itazame chini kwanza

Kwa maua ya kudumu kwenye sehemu yenye joto, mche wa kiriba kidogo (kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche) ni ununuzi mzuri kuliko mmea mkubwa wa chunguni, na si kwa unafuu wa bei tu. Mmea mkubwa una majani mengi yanayopoteza maji mchana kutwa, ilhali mizizi yake bado imejibana kwenye donge la udongo wa kitaluni. Udongo wa pembeni unaweza kuwa na unyevu na mmea ukanyauka vilevile. Mche mdogo hauna mzigo huo. Mizizi yake hutoka nje ya donge mapema, na baada ya misimu miwili mara nyingi huwa umeufikia ule mkubwa.

Kasoro yake ni kwamba kiriba hukauka upesi, na vitalu vingi huuza miche iliyokaa mno. Kabla ya kulipa, kiinue uangalie chini. Mizizi miwili mitatu myeupe ikichungulia matunduni, chukua. Ikiwa minene, ya kahawia, imejisokota kama kamba, acha: mche huo utadumaa na hakuna mbolea itakayouokoa. Geuza na majani. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa yake, pale jani linapoungana na shina, ni wadudu, usiwapeleke nyumbani. Usivutwe na maua. Mche mfupi wenye machipukizi ya pembeni ndio wa kuchagua.

Uliza pia kama ulilelewa chini ya neti ya kivuli. Kama ndivyo, uzoeshe jua kwa siku 7 hadi 10, ukianza na la asubuhi, la sivyo majani yataungua mabaka meupe.

Panda jioni. Zamisha kiriba kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yakome. Shimo liwe na kina cha donge na upana mara 2. Lijaze maji, yakishanywewa ndipo upande. Chana kiriba kwa wembe toka juu hadi chini, usivute shina. Bogenvilia hasa, mizizi yake hukatika kwa kuguswa tu. Samadi mbichi shimoni huunguza mizizi, hivyo tandaza mboji iliyoiva juu, kisha matandazo ya sm 5 hadi 7, yaache nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina lisioze. Wiki 2 za kwanza mwagilia kwenye donge lenyewe kila siku. Baadaye punguza siku, ongeza maji, maana kunyunyiza kidogokidogo huibakiza mizizi juu, penye udongo wa moto.

Maua ya kana usinunue kiribani. Omba kipande cha tunguu, yaani shina lake la chini ya udongo, chenye macho 2 au 3 ya kuchipua, kinatosha. Vinka nayo hujiotea kwa mbegu zake. Lantana ikatae hata ya bure: ndege hueneza mbegu zake kila mahali, na majani yake ni sumu kwa mifugo.