Akili and Me: katuni inayomsubiri mtoto ajibu

Kwa mzazi au mwalimu wa awali anayetafuta namna ya kumfundisha mtoto wa miaka mitatu hadi sita kuhesabu, kutambua herufi na kutaja maumbo bila kumchosha, Akili and Me ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo ningependekeza. Imetengenezwa na Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam isiyolenga faida, iliyoanzishwa mwaka 2013, ikatangulia kuwatengenezea watoto wakubwa Ubongo Kids, kisha mwaka 2016 ikawageukia wadogo. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila anapolala huingia Lala Land, ambako hujifunza kwa visa na nyimbo pamoja na marafiki zake wanyama, wakiwemo simba mdogo na kiboko.

Michoro ni mizuri na nyimbo zinashika haraka, lakini kinachonifanya niithamini zaidi ni ukimya wake. Akili humgeukia mtazamaji, humuuliza swali, kisha husubiri. Sekunde hizo chache ndizo zinazomtoa mtoto kwenye kutazama na kumwingiza kwenye kufikiri, na kwetu si jambo geni: bibi akisema "Paukwa", hadithi haisogei mpaka wajukuu waitikie "Pakawa". Darasani kwangu yupo mtoto ambaye ukimwita ubaoni hainui hata macho. Mbele ya katuni hii alisimama mwenyewe, akachora namba 3 hewani kwa kidole, akaona ametazamisha matumbo upande usiofaa, akaifuta hewa kwa kiganja na kuichora upya. Hakuna aliyemsahihisha.

Hata hivyo, skrini husubiri tu, haisikii. Mtoto akitaja tano pale inapotakiwa sita, atapongezwa sawa na mwenzake aliyepatia, na hiyo ni kasoro ya televisheni yoyote. Katika Ubongo Kids watayarishaji walitafuta njia ya kulipunguza tatizo hili kwa kuwawezesha watoto kujibu maswali kwa ujumbe mfupi kupitia simu ya kawaida na kupata mrejesho. Kwa mtoto wa miaka mitatu asiyejua kusoma, kazi hiyo hubaki kwa mtu mzima aliyeketi kando yake. Anayetazama kwa YouTube asimamishe video baada ya swali, amsikilize mtoto, amwombe aoneshe jibu kwa vifuniko vya soda au kokoto, ndipo aendelee. Kipindi kikiisha, amwulize mtoto: Akili angefanya nini kama rafiki yake angekataa kumsaidia? Mtoto anayebuni mwendelezo wa kisa hujifunza kupanga mawazo na kuyasema kwa sentensi kamili, jambo ambalo wimbo wa kuhesabu peke yake haumpi.

Kwamba katuni hii inafundisha kweli, si maoni yangu tu. Utafiti wa Dina Borzekowski uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa watoto wa Morogoro, ulionesha kuwa waliotazama Akili and Me walifanya vizuri zaidi katika stadi kama kuhesabu, kutambua namba na kujua maumbo kuliko wenzao waliotazama katuni nyingine.

Kuitazama hakulipiwi, iwe kwenye televisheni au YouTube, ingawa bando ni gharama halisi kwa familia nyingi, hivyo ni busara kupakua vipindi vichache na kuvirudia. Marudio hayawachoshi watoto wa umri huu. Huwapa nafasi ya kujibu kwa uhakika zaidi. Nyumbani, kipindi kimoja kwa siku kinatosha. Darasani, simu moja haifai kwa watoto wote kwa pamoja: wa mbele huziba skrini, wa nyuma huanza kuchezea viatu, na maswali ya Akili hujibiwa na watoto walewale watatu. Mwalimu asiye na televisheni wala projekta awagawe watoto katika vikundi vidogo, kimoja kitazame kwenye simu huku vingine vikichora.