Chai za paketi zenye viungo: tulivyozionja Langoni

Nilinunua paketi nne kwa mpigo: tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai. Kila moja ina vifuko 25, na zote ni chai ya Kenya ya majani yaliyosagwa madogo madogo, ile inayotoa rangi mara tu ikiguswa na maji moto. Nikawaita mashoga zangu watatu baada ya alasiri, tukakaa uani kwetu Langoni, hapa Lamu, sinia la mahamri katikati. Sukari nikaiweka mbali. Walinung'unika, lakini sukari nyingi huficha kila kitu.

Maji nilitumia ya mfereji, yanayotoka visima vya Shela kwenye vilima vya mchanga. Siku za nyuma niliwahi kupika chai ya paketi kwa maji ya kisima chetu, yana chumvichumvi, ikafanya utando juu na ladha ikafa. Maji mabaya yanaiharibia jina chai nzuri.

Iliki ndiyo niliyoitamani zaidi, na ndiyo iliyonivunja moyo. Nilipofungua paketi, harufu ilitapakaa ua mzima, wote tukasema leo tumepata. Kikombe kilipofika mdomoni, ulimini hamna kitu. Kikapoa kidogo, na ile harufu nayo ikaaga. Nikageuza paketi nikasoma: "ladha ya iliki". Nikachana kifuko juu ya sahani nyeupe, nikakuta majani meusi matupu, hakuna hata chembe ya punje wala ganda. Basi nikaponda iliki tatu kwenye kinu, nikazipika na majani ya kawaida. Kikombe hicho kilipoa kabisa na iliki yake bado ipo, unaisikia hadi kooni. Yaani tulikuwa tumelipia manukato.

Tangawizi ni habari nyingine. Kifuko chake nilikichana pia: unga wa manjano umechanganyika na majani, na vinyuzi unaviona. Inawasha vizuri, haichomi. Mmoja wetu alikuwa na mafua, akanywa vikombe viwili bila kuombwa. Tukaijaribu na maziwa, hayakukatika. Wapishi wenzangu wanajua tangawizi mbichi inavyokata maziwa usipoichemsha kwanza, kwa hiyo kwa asubuhi ya haraka, watoto wanakwenda shule, paketi hii imeniokoa.

Mdalasini ni wa kawaida tu, haukutuudhi.

Kwenye mchaichai tulibishana. Mimi nimeupenda sana bila maziwa, mwepesi, umetulia, hasa ukiuacha dakika tano na kikombe kimefunikwa kisahani. Shoga yangu wa Mkomani anasema kwake mchaichai umeota nyuma ya nyumba, anunue wa nini? Nikamwambia si kila mtu ana ua. Tulichokubaliana wote ni kwamba maziwa yanauzima, usiyatie.

Ushauri wangu kwa anayekwenda dukani: soma orodha ya vilivyomo kabla ya kulipa. Ukiona jina la kiungo chenyewe, jaribu. Ukiona "ladha ya" peke yake, rudisha rafuni.

Tangawizi nimeshanunua paketi ya pili. Iliki naendelea kuponda mwenyewe.