SSD, memori kadi au flashi? Tumezipanga kwa namna zinavyoshughulikia bloku mbovu

Chipu za NAND, zile zinazotunza data ndani ya SSD, kadi na flashi, hutoka kiwandani zikiwa na bloku (mafungu ya seli yanayofutwa kwa pamoja) mbovu tayari, na watengenezaji hawafichi. Chipu ndogo yenye bloku 1,024 mara nyingi huuzwa kwa ahadi kwamba angalau 1,004 ni nzima, yaani karibu asilimia 2 inaruhusiwa kuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Nyingine zitakufa mikononi mwako. Kwa hiyo unaponunua hifadhi ya data, kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni jambo la pili. La kwanza ni kontrola, chipu inayosimamia hifadhi: ina akiba kiasi gani ya kuziba mapengo, na je, inakuruhusu uione akiba hiyo ikipungua?

Data huandikwa kwa kurasa, nyingi zikiwa za KB 16 kwenye chipu za sasa, lakini hufutwa kwa bloku nzima yenye mamia ya kurasa au zaidi. Ukibadilisha herufi moja kwenye faili, kontrola haiwezi kuifutia palepale. Huandika ukurasa mpya kwingine, huuhesabu wa zamani kuwa taka, na baadaye huhamisha kurasa zilizo hai kutoka kwenye bloku iliyojaa taka ndipo iifute. Kila ufutaji huchosha seli, vyumba vidogo vinavyoshika biti. Seli ya biti 1, yaani SLC, huhimili mizunguko 50,000 hadi 100,000 hivi. TLC ya biti 3 huhimili kati ya 1,000 na 3,000, na QLC ya biti 4 huanzia mamia kadhaa hadi kama 1,000.

Bloku ikikataa kufutika au kuandikika, chipu huripoti kushindwa. Kontrola huokoa kurasa zilizobaki, huisajili bloku hiyo kwenye orodha ya mbovu na kuweka nyingine ya akiba mahali pake. Mfumo wa kompyuta haujui lolote, kwa sababu anwani inayoiona haijabadilika. Akiba yenyewe hutokana kwanza na hesabu: gigabaiti ya chipu ni baiti 1,073,741,824, ya kwenye boksi ni 1,000,000,000, na tofauti hiyo ya asilimia 7 hivi hubaki ndani. SSD inayouzwa kwa GB 480 badala ya 512 imejitengea zaidi, na kwa kazi ya kuandika sana hilo ni jambo la kulipia.

Nafasi ya 1: SSD ya NVMe yenye TLC na DRAM yake

Inaongoza kwa sababu NVMe, njia ya kasi ya kuunganisha SSD na kompyuta, ina ripoti ya afya iliyosanifiwa, inayosomeka namna moja kwa kila mtengenezaji. Kwenye Linux endesha `smartctl -a /dev/nvme0`. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo hutoa taarifa zilezile. Tazama mistari minne. *Available Spare* ni akiba ya bloku iliyobaki na huanza na 100%. *Available Spare Threshold* ni kiwango cha hatari, mara nyingi 10%. *Percentage Used* ni makadirio ya uchakavu, nayo inaweza kupita 100 diski ikiwa bado inafanya kazi. *Media and Data Integrity Errors* inatakiwa ibaki 0.

Wengi hutazama *Percentage Used* peke yake, na hapo ndipo wanapokosea. Namba hiyo hukadiriwa kutokana na matumizi, ilhali *Available Spare* hufuata bloku zilizokufa kweli. Diski yenye uchakavu wa 5% lakini akiba iliyoshuka hadi 80% ina chipu zinazokufa kabla ya wakati wake. Idai dhamana mapema, usisubiri onyo jekundu.

DRAM, memori ya haraka iliyo ndani ya diski, hutunza ramani inayoonyesha kila anwani iko kwenye bloku gani. Ramani kamili ya diski ya TB 1 huhitaji kama GB 1. Diski ya NVMe isiyo na DRAM huazima sehemu ndogo ya RAM ya kompyuta kwa utaratibu uitwao HMB, na kwa matumizi ya ofisini na nyumbani hutaona tofauti kubwa. Ukiwa na hifadhidata au mashine pepe, nunua yenye DRAM. Na kama umeme hukatika ovyo na data haina mzaha, tafuta diski za seva zenye kapasita za kumalizia uandishi umeme ukikatika. Diski za kawaida huwa hazina.

Nafasi ya 2: SSD ya SATA yenye TLC na DRAM

Kwa kompyuta isiyo na tundu la M.2 la kuchomekea SSD ya NVMe, hili ndilo chaguo. Udhaifu wake ni kwamba sifa za SMART, yaani ripoti ya afya ya diski, kwa SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) hazifanani kwa watengenezaji wote: namba 5 kwa kawaida huhesabu bloku au sekta zilizobadilishwa, lakini uchakavu kila mmoja huuweka chini ya namba na jina lake. Samsung 870 EVO ya TB 1 ina kikomo cha kuandika cha TBW 600 (terabaiti 600) ndani ya dhamana ya miaka 5, yaani kama GB 328 kila siku. Mtumiaji wa kawaida haifikii hata robo yake.

SATA isiyo na DRAM tusingeiweka hata kwenye orodha. HMB haipo kwenye SATA, kwa hiyo ramani husomwa kutoka NAND yenyewe, na diski ikijaa utaona kompyuta inakwamakwama.

Nafasi ya 3: SSD ya QLC

Inafaa kuweka picha, video na michezo, vitu vinavyoandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi. Samsung 870 QVO ya TB 1 ina TBW 360 na dhamana ya miaka 3. Ukigawa, kwa siku ni kiasi kilekile cha 870 EVO. Kilichopunguzwa ni muda. Pengo lingine utalikuta ukinakili faili kubwa. QLC huandika kwanza kwenye sehemu inayotumika kama SLC, ambayo kwa modeli hiyo haizidi GB 42, na sehemu hiyo ikijaa kasi huanguka hadi MB 80 kwa sekunde. Modeli ya TB 2 hubaki na MB 160, basi ukichagua QLC chukua kubwa.

Nafasi ya 4: microSD ya uimara wa juu

Hii ni kwa kamera za ulinzi, kamera za gari na kompyuta ndogo za bodi moja, ambazo huandika usiku na mchana. Maandishi ya kwenye kadi huwachanganya wanunuzi. V30 maana yake kasi ya kuandika haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde. A1 huahidi angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa nasibu kwa sekunde; A2 huahidi 4,000 na 2,000. Hakuna hata alama moja kati ya hizo inayozungumzia uimara. Tafuta kadi ambayo mtengenezaji ameandika saa za kurekodi inazodhamini, kisha usome masharti, maana baadhi ya dhamana za kadi za kawaida huondoa kabisa matumizi ya kurekodi mfululizo. Kadi nyingi hazina ripoti ya afya inayosomeka. Zibadilishe kwa ratiba, usingoje zife.

Nafasi ya 5: kadi za kawaida na flashi za USB

Za kubebea faili kutoka hapa hadi pale, basi. Akiba haijulikani, uchakavu haupimiki, na aina ya seli mara nyingi haitajwi. Ukitaka kifaa cha USB cha kufanyia kazi kila siku, nunua SSD ya nje inayopitisha SMART na TRIM, amri inayoiambia kontrola ni data ipi imefutwa.

Kuna hifadhi ambayo huichagui peke yake kwa sababu imeuzwa ndani ya kifaa: eMMC, hifadhi ya NAND iliyobanwa kwenye bodi, ya laptopu za bei ya chini na bodi nyingi. Kuanzia toleo la 5.0 inaweza kuulizwa afya yake kwa `mmc extcsd read /dev/mmcblk0`. Kwenye makadirio ya maisha, 0x01 ni uchakavu wa hadi 10%, na 0x0B ni kwamba umri uliokadiriwa umepita. *PRE_EOL_INFO* ikiwa 0x02, asilimia 80 ya bloku za akiba zimeshatumika. Ukinunua kifaa kilichotumika, omba kuendesha amri hiyo kabla ya kulipa.

Ukishainunua SSD, hakikisha TRIM inafanya kazi, kwa kuwa bila hiyo kontrola huendelea kuhamisha kurasa za faili ulizokwisha kufuta. Kwenye Linux yenye systemd washa `fstrim.timer`, ambayo huendeshwa kila wiki. Acha asilimia 10 hadi 20 ya nafasi ikiwa tupu. Achana na mazoea ya diski za zamani ya kuendesha `chkdsk /r` ukitafuta sekta mbovu: anwani unayoikagua leo huenda kesho ikawa kwenye bloku nyingine kabisa. Wala usiifanye SSD iliyochakaa kuwa ghala la kumbukumbu kabatini. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa diski za watumiaji wa kawaida, zikiwa zimefikia kikomo cha uandishi, ni kutunza data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30 za Selsiasi. Joto likizidi, muda hupungua.

Kadi na flashi zina hatari ya ziada, nayo ni ujazo wa uongo: kontrola imerekebishwa idai GB 256 ilhali ndani mna GB 32, na kinachozidi hapo hupotea kimyakimya. Kabla dhamana ya kurudisha haijaisha, ijaze yote kwa `f3write`, ichomoe, ichomeke tena, kisha isome kwa `f3read`. Kwenye Windows tumia H2testw. Kadi kubwa huchukua saa kadhaa. Ikikutwa na baiti zilizopotea, irudishe pamoja na matokeo uliyoyahifadhi. Kama huwezi kuirudisha, `f3fix` itaigawa upya kwa ujazo wake wa kweli, lakini usiweke humo faili isiyo na nakala kwingine.