Kufuatilia historia ya Kyadondo Mashariki: ULII na faili za Tume ya Uchaguzi kwenye mizani

Historia ya eneo bunge la pembezoni mwa Kampala, Uganda, kama Kyadondo Mashariki ya wilaya ya Wakiso, unaweza kuichimba ukiwa na simu, bando na subira. Vyombo vya bure ni viwili: ULII, maktaba ya mtandaoni ya hukumu za mahakama za Uganda, na faili za matokeo za Tume ya Uchaguzi. Wengi huanzia kwenye faili za Tume kwa sababu zina namba. Afadhali kuanzia ULII. Kwa kazi hii inastahili nne na nusu kwa tano, na faili za Tume tatu.

Kwenye ULII, tatizo la kwanza ni tahajia. Andika "Kyadondo" utapata kesi kadhaa. Andika "Kyaddondo" utapata nyingine. Ni hivyo hivyo kwa Sebalu na Ssebalu, au Semujju na Ssemujju: karani mmoja huandika s moja, mwenzake mbili. Dawa yake ni kutafuta kwa jina la mgombea ambalo halina namna mbili za kuandikwa. "Kantinti" linatosha. Kisha chuja kwa mahakama: UGHC ni Mahakama Kuu, UGCA ya Rufaa, UGSC ya Juu.

Ngazi ya mahakama nayo ina maana yake. Kesi ya Sitenda Sebalu dhidi ya Sam Njuba, iliyotokana na uchaguzi wa 2006, iko UGSC, na mawakili bado wanaitaja panapozuka hoja ya kuchelewa kumpelekea mlalamikiwa notisi. Ya Kantinti, ya uchaguzi wa 2016, iliishia kwenye Rufaa, kwa kuwa sheria ilikuwa imebadilishwa na neno la mwisho katika kesi za wabunge likabaki hapo. Ukiitafuta UGSC utapoteza jioni nzima bure. Ukishaifungua hukumu, usikimbilie amri ya mwisho. Kurasa za mwanzo ndizo tamu: majaji husimulia nani aligombea, nani alitangazwa mshindi, na fomu za DR (za kutangaza matokeo ya kituo) za vituo gani zilizozua ugomvi. Jedwali la matokeo halikupi hayo.

Kesi ya Kantinti, iliyobatilisha ushindi wake wa 2016, ndiyo iliyozaa uchaguzi mdogo wa tarehe 29 Juni 2017. Robert Kyagulanyi, mgombea huru, alipata kura 25,659. Sebalu wa chama cha NRM 4,556. Kantinti mwenyewe, wa chama cha FDC, 1,832.

Sasa faili za Tume. Matokeo ya kituo kwa kituo yana faida kubwa, lakini yanahitaji mkono mwangalifu. Kiwanja kimoja cha shule huweza kuwa na mistari mitatu au minne, kwa sababu daftari hugawanywa kwa herufi za majina, na katika Buganda wanaoanzia na N peke yao hujaza kituo. Ukichukua mstari mmoja ukadhani ndio shule nzima, umeshakosea. Ukihamisha PDF kwenda kwenye jedwali la kompyuta, angalia mkato wa maelfu: programu nyingi huugeuza mpaka wa safu, 25,659 ikawa 25 hapa na 659 pale, na mgombea wa jirani akazawadiwa kura zisizo zake. Ondoa mikato kwanza, kisha jumlisha safu mwenyewe uone kama inalingana na jumla iliyoandikwa chini. Faili ya Mbunge Mwanamke wa Wakiso iweke kando kabisa. Ni kiti cha wilaya nzima.

Pale ambapo vyombo vyote viwili vinamwacha mtumiaji peke yake ni kwenye ardhi. Jina "Kyadondo Mashariki" limedumu, lakini lilichofunika hakikudumu. Ibrahim Ssemujju Nganda alishinda hapo 2011. Mwaka 2016 anatokea kama mbunge wa Manispaa ya Kira. Msomaji asiyejua atasema alihama. Hakuhama: Kira ndiyo iliyotoka. Katiba, ibara ya 63, inataka kila kaunti iwe na angalau mbunge mmoja, na manispaa huhesabiwa ngazi ya kaunti. Kira ilipofanywa manispaa, kiti chake kilikuja nayo. Sensa ya 2014 iliikuta na watu 317,157, kwa hiyo haikuwa kipande kidogo kilichomegwa. Kilichobaki na jina la zamani ni upande wa Kasangati, ambao kwenye makaratasi ya zamani utaukuta kama gombolola (kata ndogo ya kaunti) ya Nangabo.

Kulinganisha kura za 2011 na za 2016 kwa jina tu, basi, ni kulinganisha maeneo mawili tofauti. Njia inayofaa ni kushuka hadi muluka, ngazi iliyo chini ya gombolola: chukua orodha ya vituo ya 2011, toa miluka yote ya Kira, jumlisha iliyobaki, ndipo uiweke kando ya 2016. Ni kazi ya siku nzima, na hakuna kitufe cha kuifanya. Tarehe na maneno ya azimio la kuifanya Kira manispaa yatafute kwenye Hansadi ya Bunge na Gazeti la Serikali. Ramani usiitarajie ndani ya hukumu wala jedwali.

Kuanzia 2016 kwenda mbele kazi inakuwa nyepesi: 2021 Muwada Nkunyingi wa chama cha NUP alichukua kiti hicho kwa jina lile lile. Ukirudi nyuma, angalia kura ya maoni ya Julai 2005 iliyorudisha vyama vingi. Katika 1996 na 2001 wagombea walisimama kwa sifa zao binafsi chini ya mfumo wa Movementi, usio na vyama, kwa hiyo safu ya chama kwa miaka hiyo iache tupu. Kumwandikia mtu wa 2001 chama alichojiunga nacho baadaye ndilo kosa linalozagaa zaidi kwenye orodha za wabunge wa Wakiso.