Uzoefu wangu: nilivyopata ekari tatu za mpunga Ifakara

Nimelima mpunga Ifakara misimu miwili, na huu wa pili ndio wa kwanza kuvuna bila ugomvi. Naandika kwa wale wanaotafuta shamba la kukodi na hawana mwenyeji kule Kilombero.

Mara ya kwanza nilipitia dalali. Nikalipa, nikasafisha shamba, trekta likaingia. Siku ya nne akatokea mtu na trekta lake. Kumbe shamba ni la urithi, ndugu wako watatu. Mmoja alichukua hela yangu, mwingine alishamkodisha huyo. Mwenyekiti wa kitongoji alinisikiliza vizuri, lakini karatasi yangu ilikuwa na sahihi ya dalali, si ya mwenye shamba. Kodi haikurudi, na ya trekta ikaenda nayo.

Msimu uliofuata nikaelekezwa kwa vijana wanaounganisha wenye mashamba na wakulima. Unawaandikia WhatsApp unataka kulima nini, ekari ngapi na una kiasi gani. Baada ya siku tano walinitumia mashamba manne yenye picha, umbali kutoka barabarani, kodi ya ekari kwa msimu, na kama majaruba yapo, yaani vile vigawanyo vya shamba vyenye kingo za kuzuia maji. Ada yao ni elfu thelathini, nusu kabla ya kwenda kuona, nusu baada ya kusaini.

Picha hata dalali anazo. Thamani ya hawa jamaa niliiona tulipofika. Mwenye shamba ni mama mjane, watoto wake wako Dar, mwenyewe hana tena nguvu za kulima. Nilitaka kumpa hela palepale, kijana akanizuia. Tukazunguka mipaka pamoja na majirani, akawauliza mbele yangu shamba hili ni la nani na mwaka jana alilima nani. Ndipo tukaenda ofisi ya kijiji. Mama alikuwa na hatimiliki ya kimila, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na jina lililokuwamo ni lake. Hata hivyo mtendaji aliwapigia watoto simu mmoja mmoja, kila mmoja akakubali tukiwa tunasikia. Nilikaa pale nikiikumbuka hela yangu ya mwaka ule.

Mkataba uliandikwa ekari tatu, Novemba hadi Julai, laki moja na ishirini kwa ekari, nusu siku ileile na nusu Januari. Uliandikwa hadi mabua yatakuwa ya nani baada ya kuvuna, maana wenye ng'ombe huja kuyaulizia.

Lawama yangu ni maji. Kwenye maelezo ya shamba waliandika "maji yapo". Yapo kweli, tena yanazidi. Kilombero ni bonde la mafuriko, na mwezi wa tatu ekari ya chini ilizama zaidi ya wiki nzima. Nilikuwa nimepandikiza SARO 5 kote, mbegu nzuri ila fupi, ikafunikwa. Jirani akaniambia pale chini wao hupanda mbegu ndefu ya kienyeji, kila mtu anajua. Mimi mgeni nilijuaje? Ekari mbili za juu zilinipa gunia 41, ile ya chini gunia 6. Ukienda kuona shamba, muulize jirani maji ya masika hufika wapi, akuonyeshe kwa mkono.

Niliwaeleza vijana wale, hawakubishana. Sasa wanamuuliza kila mwenye shamba sehemu gani hutuama maji. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Baada ya mavuno nilimpelekea mama gunia moja, nje ya mkataba. Msimu ujao ameshaniachia tena zile ekari mbili za juu, na ya chini kwa elfu sitini. Tumesaini wenyewe, mbele ya mtendaji yuleyule.